Anachezeshwa Tu

Mpaka karibu natimiza miaka sita, nilijiona bingwa wa kombolela wa mtaa mzima. Tulikuwa tukikaa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zilizopewa namba badala ya majina, na kila magharibi watoto wa barabara yetu walikusanyika chini ya mwarobaini uliokuwa mbele ya nyumba ya jirani muuza samaki. Mmoja anaegemea shina, anafumba macho, anahesabu. Wengine tunatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Mtafutaji akimwona mtu, anamtaja jina na kukimbia kuugusa mti kabla mwenyewe hajaugusa, na aliyetajwa amekamatwa, anakaa pembeni. Lakini hata wakikamatwa saba, akabaki mmoja tu huko gizani, na huyo mmoja akachomoka, akaupiga mti kofi na kupaza sauti, "Kombolela!", basi wote saba wako huru na mtafutaji anaanza upya, maskini.

Mimi sikuwahi kukamatwa hata siku moja. Wakubwa wa miaka kumi na moja, kumi na mbili, wenye miguu mirefu na ujanja wa kila namna, walikamatwa. Mimi nilijificha nyuma ya pipa la maji, chini ya mkokoteni, kwenye kona ya choo cha uani, na wote wakawa wananipita. Nililala usiku nikijisifu.

Siku moja nikajibanza ndani ya tenga la samaki lililokuwa limeegemezwa ukutani. Lilinuka chumvi na dagaa wa juzi. Kupitia matundu yake niliiona miguu ya mtafutaji ikija, peku, kucha ya kidole gumba imepasuka. Ikasimama. Akainama. Tukatazamana, macho yangu na macho yake, kwa umbali wa mkono mmoja. Akajikuna muundi, akainuka, akaenda zake. Nikiwa bado nashangaa muujiza huo, nikaisikia sauti ya dada yangu kutoka upande wa pili wa uwanja akimwambia, bila hata kuipunguza: "Huyo mwache. Huyo anachezeshwa tu."

Lugha yetu ni katili kwa namna yake. Kuna kucheza, kuna kuchezesha, kisha kuna kuchezeshwa. Anayechezeshwa anakimbia pamoja na wenzake, anajificha, anapiga kelele, anaangukia magoti yake na kuyachubua kama watu wengine, lakini hahesabiwi. Akikamatwa hakukamatwa. Akishinda hakushinda. Utaratibu huu ulitungwa kwa sababu ya watu kama dada yangu, ambaye alikuwa na miaka kumi na amekabidhiwa mdogo wake. Mama alimwambia, ukienda kucheza nenda naye. Wenzake hawakutaka kumpoteza dada, maana alikuwa na mbio, na hawakutaka mchezo uharibike kwa ajili ya kitoto kisichojua kujificha bila kucheka. Wakapata njia ya tatu. Sijui nani aliianza. Hakuna mtu mzima aliyewafundisha, na nina hakika mtu mzima angepewa tatizo hilo angelimaliza kwa kunirudisha nyumbani.

Hayo nayaona sasa. Siku ile nilibaki ndani ya tenga mpaka adhana ya isha, nikilia kwa hasira.

Anayechezeshwa alikuwa na kazi zake. Ndiye aliyetumwa mpira ukitumbukia mtaroni. Wavulana wakicheza vita, na miaka ile ya mwanzo wa themanini kila mchezo wa vita ulikuwa Vita vya Kagera, hakuna aliyekubali kuwa Idi Amin. Wote walikuwa makamanda waliokwisha kuingia Kampala. Kwa hiyo Amin nikawa mimi, kila jioni, nikikimbizwa mpaka kwenye ukuta wa msikiti na kupigwa maganda ya machungwa.

Lakini cheo changu cha ajabu zaidi kilikuwa katika mchezo wa baba na mama. Ile ilikuwa miaka ya foleni. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, vyote vilipangiwa mstari, na mtu mwenye shughuli nyingine aliacha jiwe au tofali lishike nafasi yake, na watu waliliheshimu tofali kama binadamu. Wasichana walipocheza duka hawakusahau kitu. Mchanga ulikuwa sukari, majani ya mwarobaini yaliyopondwa yalikuwa sabuni, kulikuwa na muuzaji mwenye dharau, na kulikuwa na mstari. Mimi nilichuchumaa kwenye mstari nikiwa tofali. Mwenye nafasi yake alikwenda "nyumbani" kupika, akarudi, akaniondoa kwa kunisukuma bega, akasimama pale nilipokuwa. Akifika mbele, muuzaji anamwambia sukari imekwisha, njoo Jumatatu. Wote wanaangua kicheko, wanaanza upya. Nimesoma baadaye vitabu kadhaa kuhusu uchumi wa miaka ile, na hakuna kilichoieleza foleni kwa uaminifu kama kile kikundi cha wasichana chini ya mti.

Kilichonitoa kwenye utofali ni mdako.

Mdako ulikuwa mchezo wa mchana, wakati jua limekaa utosini na hakuna anayeweza kukimbia. Dada alicheza nami kibarazani kwa sababu mwingine hakuwapo. Unachimba kishimo cha upana wa kikombe cha chai, unajaza kete. Zetu zilikuwa kokoto za pwani, zile zilizolainishwa na maji mpaka zikawa kama peremende. Mkononi unabaki na moja ya kurushia. Unairusha juu, na ikiwa bado angani mkono huohuo unazizoa kete kutoka shimoni na kuzimwaga ukingoni, kisha unageuka kuidaka ile ya juu kabla haijagusa chini. Unarusha tena, na safari hii unazirudisha zote shimoni isipokuwa moja. Hiyo moja ni mali yako, unaiweka kando. Zikibaki nje mbili, umekosea. Isipobaki hata moja, umekosea. Ukiikosa ya juu, umekosea, mpe mwenzio. Ukimaliza kuzichukua moja moja unaingia za mbili mbili, kisha tatu tatu, na huko ndiko mikono ya wengi ilikokwama.

Anayeanza hutazama shimo. Ni kosa la kila mtu. Anatazama shimo, anazihesabu kete kwa macho, na ile ya juu inamwangukia kichwani. Dada alinikamata kidevu akakiinua. "Tazama juu. Chini kuna vidole." Ilinichukua likizo nzima kuamini kwamba vidole vinajua kuhesabu bila mimi. Kucha zangu zilijaa udongo mwekundu ambao mama aliutoa kwa njiti ya kiberiti kila Ijumaa asubuhi, akilalamika. Kisha siku moja, bila kutangaza, mkono ukajua. Ulizoa, ukamwaga, ukadaka, ukarudisha, na moja ikabaki peke yake ukingoni kana kwamba imeachwa kwa makusudi, na kweli iliachwa kwa makusudi, ila si na kichwa changu.

(Nakiri hapa kwamba kete yangu ya kurushia ilikuwa komwe, na komwe haikuwa yangu. Wazee waliocheza bao kwenye baraza la jirani walikuwa na kete 64 kwa mashimo yao 32, na jioni moja walihesabu mara tatu wakapata 63. Mmoja wao hakuuliza kitu. Alipita kibarazani kwetu, akanyoosha kiganja, akasubiri. Nikampa. Akarudi kucheza.)

Mkono ulipojua, nikadai haki yangu kwenye rede.

Rede ni mchezo ambao nikiueleza kwa mtu asiyeuona anadhani ni rahisi. Wawili wanasimama ncha mbili za uwanja wakirushiana mpira. Katikati wako wapinzani wao, na chini, katikati kabisa, kuna chupa tupu. Wa kati wanakwepa mpira huku wakijaza chupa mchanga. Ukipigwa umetoka. Chupa ikijaa mpaka mdomoni, mliojaza mnamrudisha mmoja wa wenzenu waliotoka. Kwetu iliitwa rede, nimekuta kwingine wakiita nage, na wenzetu wa Kenya wanao mchezo wa jamii hiyohiyo waliouita kati. Kila mahali kuna sheria zake kidogo, na kila mahali wanaamini za kwao ndizo za asili.

Mpira wetu ulikuwa soksi kuukuu ya baba iliyoshindiliwa matambara na kufungwa kamba za katani, kwa sababu Tanga katani haikuwa taabu kupatikana. Ulipiga kavu. Ukikupata mgongoni uliacha alama ya fundo. Chupa ilikuwa ya soda, ya kioo, yenye mdomo mwembamba, na hapo ndipo ulipokuwa ufundi wote. Asiyejua anachota mchanga kwa kiganja na kuumwaga juu ya chupa, robo tatu inaangukia pembeni. Dada yangu alikunja ngumi, akaacha upenyo upande wa kidole kidogo, akauelekeza kwenye mdomo wa chupa, na mchanga ukashuka kwa mstari mwembamba kama maji ya birika. Macho yake hayakuwa kwenye chupa. Yalikuwa kwa mrushaji. Mpira ukija, anapinda kiuno, unapita, na mkono haujaacha kumimina. Nilipomwona nilielewa kwa nini mchana kutwa alikuwa akinishika kidevu.

Wapinzani nao hawakulala. Mmoja wa warushaji, kijana ambaye sasa ni mtu mzima mwenye heshima zake, alikuwa na tabia ya kwenda kunywa maji kabla ya mchezo na kurudi na mashavu yamejaa. Anapita karibu na chupa kana kwamba anakagua uwanja, anatema. Mchanga mbichi hauingii kwenye chupa ya soda. Unaganda mdomoni kama ugali. Tulipomgundua kukawa na ugomvi wa karibu nusu saa, na matokeo yake ikawa sheria: kabla ya kuanza, mmoja wa kila upande anashika mchanga.

Sheria zetu nyingi zilizaliwa hivyo. "Umepigwa!" "Sijapigwa, imegusa gauni tu!" Je, nguo ni mwili? Suala hilo lilisimamisha mchezo siku mbili. Wasichana wenye magauni mapana walisema wanaonewa kwa sababu wao ni wapana kuliko wavulana bila kosa lao. Wavulana wakasema kuna watu wanapanua gauni makusudi na kulifanya ngao. Zote mbili zilikuwa kweli. Ikaamuliwa kwamba anayeingia kati afunge gauni fundo kwenye paja, na akishafunga, nguo ni mwili. Kwenye mchezo wa nyama, ule ambao mmoja anataja wanyama na wengine wanaruka akitajwa anayeliwa na kutulia akitajwa asiyeliwa, mtu akataja nguruwe. Wengi wetu tukatulia. Watoto wawili wa nyumba moja, Wakristo waliohamia kutoka mashamba ya mkonge, wakaruka. Kelele zikapanda, wametoka, hawajatoka. Mwisho msichana mmoja mkubwa akasema, kila mtu anaruka kwa nyama ya kwao. Ikapita, na tangu hapo mtajaji alikumbuka kutufahamu kwanza kabla ya kututega.

Niliingia kati nikiwa na miaka saba, nikihesabiwa. Nilikunja ngumi kama dada, nikaacha upenyo, nikatazama juu. Chupa ilifika kama robo. Kisha soksi ya baba ikanipata sikioni, paa, na uwanja mzima ukapiga kelele kwa furaha: "Nje!" Sikio liliwaka moto mpaka usiku. Nilitembea kwenda kukaa pembeni na wenzangu waliotoka, na mmoja akasogea kunipisha kwenye jiwe, na sidhani kama nimewahi kupandishwa cheo kazini nikajisikia vile.

Kazi yangu ilikuwa ualimu. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilipangiwa shule moja ya msingi nje ya mji, na kwa ujana wangu nikaamua kuiokoa rede. Mpira wa miguu ulikuwa na kamati, netiboli ilikuwa na kamati, kwa nini rede ibaki uchochoroni? Nikakaa na daftari nikaandika sheria kumi na nne. Nikachora uwanja kwa majivu ya jikoni, nikapima hatua, nikanunua filimbi. Nguo ni mwili, kifungu cha sita. Mchanga ukaguliwe, kifungu cha pili. Niliona fahari kwamba ugomvi wote wa utoto wangu nilikuwa nimeumaliza kwenye kurasa tatu.

Wiki ya kwanza walikuja watoto kama arobaini. Ya pili, nusu yake. Ya tatu walibaki wale wanaompenda mwalimu yeyote. Alasiri moja nikasikia makelele nyuma ya tangi la maji, nikaenda nikidhani wanapigana. Walikuwa wakicheza rede. Mpira ulikuwa wa mifuko ya rambo iliyosokotwa, uwanja haukuwa na mstari hata mmoja, na walikuwa hawachezi kwa kweli, walikuwa wamesimama wote katikati wakibishana kama msichana fulani aliguswa unywele, na kama unywele ni nguo au ni mwili. Waliponiona wakanyamaza. Nikamuuliza mmoja wa darasa la tano, mwenye ulimi mwepesi, kwa nini hawaji kwenye ile ya kwangu. Akatazama chini. "Mwalimu, ile yako nzuri. Ila mtu hasemi kitu."

Filimbi niliitia kwenye droo ya meza, na huko ilikaa mpaka nilipohamishwa. Nikabaki mtu wa kuwatafutia chupa.

Kila nikikutana na walimu wenzangu wanaolalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui michezo, nawauliza wameangalia wapi. Simu ipo, sikatai. Lakini ninachokiona kimepungua zaidi ni mahali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetaja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki za mtoto, na ni jambo jema, ila uwanja wa mwarobaini wetu sasa una fremu za maduka, na sheria haichezewi ndani. Penye nafasi ya hatua kumi na mchanga kidogo, watoto wapo. Hata ilipopigwa marufuku mifuko ya plastiki, Juni 2019, wakaachana na mpira wa rambo wakarudi kwenye matambara, na sikusikia hata mtoto mmoja akiitisha kikao.

Desemba iliyopita tulikuwa na harusi palepale Ngamiani. Nyuma ya turubai, kwenye uchochoro wa mchanga, wajukuu wa dada yangu na watoto wa majirani walikuwa wakicheza rede. Chupa yao ilikuwa ya plastiki, ya maji. Ina mdomo kama wa soda lakini ni nyepesi, upepo wa mpira tu unaiangusha na mchanga wote unamwagika, kwa hiyo wamejifunza kutia kokoto kwanza ili isimame. Sisi hatukuwa na tatizo hilo. Nilisimama nikitazama mpaka mmoja wao, wa miaka minane hivi, akaja akanishika kanzu.

"Babu, upande wetu kapungua mmoja."

Dada alikuwa ameketi mkekani, mguu ameunyoosha kwa sababu goti halikunjiki tena. "Mwangalieni babu yenu," akawaambia, "asije akavunjika, pilau haijapakuliwa."

Nikavua viatu, nikaikusanya kanzu nikaifunga fundo kwenye paja. Nikapiga magoti mbele ya chupa, nikakunja ngumi, nikaacha upenyo upande wa kidole kidogo. Mchanga ukashuka kwa mstari. Nikamsikia dada akicheka kwa pua. Nikatazama juu, kwa mrushaji, na nikauona mpira ukija, nikaamuru kiuno kipinde, na kiuno kikachelewa. Ukanipata begani, paa, sauti ileile.

Nikainuka, nikajipangusa magoti, nikaanza kutoka. Hakuna aliyesema nje. Mpira ulikuwa umeshaokotwa upande wa pili, na yule mtoto wa miaka minane alikuwa akimkwepa mtu mwingine, macho hayapo kwangu kabisa.

"Babu, unakwenda wapi?" akasema alipopita karibu yangu akihema. "Endelea tu kujaza."

Nikageuka kumtazama dada. Alikuwa amejifunika mdomo kwa upande wa khanga, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka kwa kucheka.

Nikarudi nikapiga magoti. Chupa ilikuwa haijafika hata nusu.